Nikirudi Nimkute Meneja

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watu ambao hawajawahi kumpelekea suruali ya kupunguza. Mdogo wake aliitwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga kizazi cha mama yao. Na paka wao aliitwa Meneja, kwa sababu hakuna siku aliyofanya kazi na hakuna siku aliyokosa kazini. Alipanda juu ya meza ya kukatia, akajilaza katikati ya kitambaa cha mteja, akawatazama wale dada wawili wakitoka jasho. Akichoka kutazama, alilala.

"Mameneja wote ndivyo walivyo," Kitinda alikuwa akisema. "Afadhali huyu wetu hapigi kelele."

Walikaa vyumba viwili, cha mbele cha kushonea na cha nyuma cha kulala. Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yao, ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika ubavuni kwa kushikwashikwa. Fundi alikata na kushona. Kitinda alitia vifungo, alipiga pasi, aliitia cherehani mafuta kila aliposikia inaanza kulalamika, na jioni alifagia. Tena alifagia kweli kweli. Alipiga magoti akaokota vipande vya nyuzi kimoja kimoja, chini ya meza, kwenye nyufa za sakafu, nyuma ya mlango.

"We mtoto una wazimu wa usafi," Fundi alimwambia. "Nyuzi hizo! Zitatembea usiku zikutie kidole puani?"

Kitinda alicheka tu, akaendelea kuokota.

Halafu damu ya Kitinda ikaharibika. Ilianza kwa uchovu, ikafuata damu ya puani isiyokatika, na walipokwenda kupima, daktari alivua miwani kabla ya kusema, na daktari akivua miwani ujue hakuna heri. Matibabu yalikuwepo, lakini mji mwingine, tena ya muda mrefu. Kitinda akakataa katakata. Mama yao aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka, na Kitinda ndiye aliyekuwa ameshika mkono wake.

Fundi alibembeleza, aligomba, alilia, akanuna. Mwisho Kitinda akapiga moyo konde.

"Haya, nitakwenda. Lakini nikirudi nimkute Meneja."

"Utamkuta."

"Dada, sitanii. Kule kitandani nitakuwa nikimuwaza yeye, na mkoromo wake. Nisipomkuta, sina cha kurudia."

"Kha! Na mimi je? Mimi si kitu?"

"Wewe najua utakuwepo," Kitinda alisema, akimkuna paka kidevuni. "Wewe upo siku zote."

Wakacheka wote wawili, na asubuhi yake akaondoka.

Alilazwa kwenye chumba cha peke yake, nyuma ya kioo. Damu yake ilikuwa imeishiwa nguvu hata mafua ya mgeni yangeweza kumuua, kwa hiyo hakuna kutembelewa. Kilichobaki ni simu. Kila alasiri Kitinda alipiga, akamsalimia dada yake kwa maneno mawili matatu, kisha akasema, "Haya, mpe simu Meneja." Fundi alimwekea paka simu shingoni, na Meneja, ambaye hakuwa na adabu ila kwa Kitinda, alianza kukoroma. Krrr, krrr. Huko ng'ambo Kitinda alinyamaza akasikiliza. Hata pumzi zake zilibadilika.

Siku moja simu ile ilipigwa na nesi. "Dawa anayotumia sasa ndiyo kali," alimwambia Fundi. "Chakula hataki, nywele zimekwisha. Anakubali sindano baada ya kuongea na nyumbani tu. Sijui huwa mnamwambia nini, lakini msiache."

Sasa mnaelewa kwa nini Fundi alianza kuchanganyikiwa. Roho ya mdogo wake ilikuwa imening'inia kwenye masharubu ya paka.

Na paka wanakufa, jamani. Nyumba ya pembeni paka alikula panya aliyekula sumu, akafa akitapatapa mbele ya watoto. Fundi aliposikia alifunga kazi siku hiyo hiyo, akamtia Meneja kikapuni, akaenda kwa daktari wa wanyama. Daktari alimpima, akasema mzima kama kigongo. Fundi hakuondoka. Alitaka aambiwe kila kitu kinachoua paka.

"Kila kitu?" Daktari alicheka. Lakini alikuwa mtu mwema, akamhesabia. Dawa ya panya, hilo alilijua. Dawa ya mende. Dawa ya choo, maana paka akikanyaga atalamba nyayo. Vidonge vya maumivu vya binadamu, hata nusu, hata kipande. Vitunguu. Mafuta ya taa, mafuta ya mashine. Dawa ya nondo ya kwenye nguo. Maua ya yungiyungi, hata vumbi lake tu likimwangukia manyoyani.

"Nyumbani mna nini kingine?" akauliza.

"Hakuna, daktari. Nguo tu na cherehani."

Daktari alifungua kinywa kusema neno, lakini nyuma kulikuwa na mbuzi amekwama kuzaa, wakamwita, akakimbia na mikono imeshapakwa sabuni. Fundi alimngoja kidogo, akaona ameshasikia ya kutosha.

Basi akarudi nyumbani kama askari. Dawa zote, sabuni zote, vidonge vyote, hata chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, vikaingia kwenye sanduku la bati, kufuli likapigwa, ufunguo akauvaa shingoni. Maua aliyoletewa na mteja akayatupa mbele ya mteja mwenyewe. Vitunguu akavitundika darini. Kisha akaenda kwa jirani yake, Mama Mapacha, mwenzake wa miaka mingi, mwanamke wa kicheko kikubwa na maneno makubwa zaidi.

"Naomba usiweke dawa ya panya."

"Na panya niwaimbie waondoke?"

"Weka mtego. Nakuomba. Ni paka wa Kitinda."

Mama Mapacha alimtazama, akaacha utani. "Basi nitaweka mtego. Lakini, mwenzangu, hebu lala. Unamlinda paka mpaka wewe unaota masharubu."

Cherehani nayo ikaanza kukauka. Ililia kwa sauti nzito ya kukwaruza, na wateja wakatania kwamba Fundi ameajiri chura. Fundi hakujali. Kila alipotaka kutoa ile chupa ya mafuta aliona tone moja likidondoka sakafuni na ulimi wa Meneja ukilifuata. Akaiacha ilie.

Lakini jioni hakufagia. Tusimlaumu, alikuwa peke yake kwenye kazi ya watu wawili, na msimu wa sare za shule ulikuwa umefika. Sare zinashikizwa kwanza kwa bandi, ule ushonaji wa mkono wa mishono mirefu, uzi wa bluu, ili kitambaa kisikimbie. Ukishamaliza kushona kwa cherehani, unautoa uzi wa bandi: unazungusha ncha kwenye kidole, unavuta mara moja, laini, unautupa. Fundi aliutupa sakafuni kama alivyoutupa maisha yake yote. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alipitisha ufagio juu juu. Meneja aliviringika na nyuzi zile, akazirukia, akazitafuna, na Fundi akamwona na akafurahi kwamba paka anacheza. Uzi kwake haukuwa kitu cha kuogopa. Ulikuwa ndio uliomlisha.

Kisha Meneja akaacha kula. Akatapika povu la manjano. Akajificha chini ya kitanda cha Kitinda, tumbo limekaza, akawa akiguswa anatoa sauti ndogo.

Alasiri simu ikalia.

"Amelala," Fundi alisema.

"Analala sana huyo," Kitinda alisema. "Mwambie kesho nataka kumsikia."

Fundi aliweka simu, akatoka mbio hadi kwa Mama Mapacha. Hakubisha hodi. Alimkuta akifua, na maneno aliyomtapikia mbele ya mapacha na wapangaji wote sitayarudia yote. Alimwita mchawi. Alimwita muuaji. Alisema, "Ulikuwa unaniona mjinga, ukaniahidi mtego huku unatega sumu!" Mama Mapacha alisimama na povu la sabuni mikononi, kicheko chake kimepotea.

"Sijaweka sumu," alisema. "Naapa kwa wanangu hawa. Nenda kaangalie nyumbani kwako. Kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alimtemea maneno mengine, akarudi.

Akamtoa Meneja chini ya kitanda, akamweka mapajani, akampapasa taratibu kuanzia kichwani. Alipofika mkiani akaona. Chini ya mkia kulikuwa na kipande cha uzi kinachoning'inia, cha bluu, urefu wa kidole.

Ee Mola, jinsi alivyofurahi! Si sumu! Ni uzi tu, kauumeza, sasa unatoka. Alicheka peke yake kama kichaa. Aibu ya Mama Mapacha ilimpita moyoni, akajiambia atakwenda kumwomba radhi, lakini kwanza kazi. Akamshika paka kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akazungusha ncha ya uzi kwenye kidole, kama alivyofanya tangu akiwa msichana mdogo magotini mwa mama yake, akavuta. Mara moja, laini.

Uzi ulikuja kidogo, ukakwama. Fundi alijua la kufanya bandi ikikwama. Huvuti kwa nguvu, unashawishi, unavuta na kulegeza, unavuta na kulegeza. Meneja akapiga ukelele ambao Fundi hakuwahi kuusikia kwa kiumbe chochote, akamkwaruza mkono mpaka kwenye kiwiko. Uzi ukaja tena kidogo, una unyevu mwekundu, kisha ukakatika.

"Pole, baba, pole, yamekwisha," Fundi alimwambia. Na aliamini yamekwisha. Usiku ule alilala usingizi wa kwanza tangu Kitinda aondoke.

Asubuhi Meneja hakuweza kuinua kichwa.

Daktari wa wanyama alipofungua kikapu hakutania. Alifunua kinywa cha paka, akainua ulimi kwa kidole, akatazama, akauliza, "Uzi?"

"Ndiyo. Lakini niliuvuta, ulitoka."

Daktari alifumba macho kidogo. "Kaa hapo nje," alisema.

Fundi alikaa kwenye benchi na kikapu kitupu magotini. Alisali. Aliahidi mambo mengi ambayo hakuna aliyemwomba. Mlango ulipofunguliwa daktari alikuwa anavua glavu, naye Fundi akakumbuka yule daktari mwingine akivua miwani.

"Nimempasua lakini nilichelewa," daktari alisema. "Uzi ulikuwa umejizungusha kwenye shina la ulimi, umekamata pale, na ncha ya pili ikapita tumboni kote. Hapo hupaswi kuuvuta, mama. Hata siku moja. Ungeuacha vile vile, ukamleta..." Alitafuta namna ya kueleza. "Umewahi kuona sketi ya marinda inavyofanywa? Uzi umeshikwa upande mmoja, unauvuta upande wa pili, na kitambaa kinajikusanya juu yake. Utumbo wake umefanya hivyo. Halafu uzi ukaukata, mahali pengi."

"Najua marinda yanavyofanywa," Fundi alisema.

Daktari aligundua baadaye, alipouona mkono uliomnyooshea kikapu ili amtie paka, kidole cha kati chenye sugu ya sindano, akainamisha uso. Akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini ingefaa nini?

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, kikapu kichwani kama anatoka sokoni. Hakuwa na machozi. Alikuwa na kidole kimoja tu mwilini, kile alichozungushia uzi, na kilikuwa kinamuuma kama kimebanwa na mlango. Nyuma ya nyumba alianza kuchimba kwa kijiko kikubwa cha jikoni, maana jembe hakuwa nalo. Akasikia hatua. Mama Mapacha alikuja na jembe begani, akamsogeza kwa bega, akachimba. Hakusema nilikwambia. Wakamlaza Meneja, akasawazisha udongo.

"Utamwambia?" akauliza.

"Nikimwambia atakufa."

"Na usipomwambia?"

Alasiri ilikuwa inakuja, kama inavyokuja kila siku, mtu awe tayari asiwe tayari.

Simu ililia. Sauti ya Kitinda ilikuwa nyembamba, inatoka mbali kuliko huo mji aliokuwa. Alisema leo nesi amekuja mara tatu na sindano, na mara tatu yeye amemrudisha. "Nimemwambia angoje nimsikie mtu wangu kwanza. Mpe simu, dada."

Fundi alitazama meza ya kukatia. Kwenye kitambaa cha sare kulikuwa bado na kishimo cha mviringo alipozoea kulala Meneja, na manyoya.

"Subiri," alisema. "Subiri, yuko hapa, kwenye cherehani."

Mungu amsamehe, wazo lilimjia lenyewe. Alifungua spika ya simu, akaiweka juu ya cherehani, karibu na gurudumu. Akachomoa uzi kwenye sindano, akaweka mguu kwenye pedali, akakanyaga pole pole, pole pole kabisa. Ile mashine kavu ikaanza. Krrr. Krrr. Kwa mtu aliye mbali, mgonjwa, anayetaka kuamini, mbona ilikuwa paka. Fundi alikanyaga na jasho likamtiririka mgongoni. Alifikiri, nitafanya hivi kesho. Nitafanya kila siku mpaka apone, na akishapona anipige, anitukane, asiongee na mimi mpaka kufa, lakini awe amepona.

Kitinda alisikiliza kwa muda mrefu.

"Dada."

"Nipo."

"Hiyo cherehani inataka mafuta."

Mguu wa Fundi ukasimama wenyewe. Chumba kikawa kimya hata akasikia wodi ile, kitu kinachodunda kwa mpigo huko nyuma ya kioo.

"Ni nini kilimuua?" Kitinda aliuliza.

"Uzi."

"Wa bandi."

"Wa bandi."

"Ukauvuta." Hakuuliza. Alimjua dada yake na mkono wa dada yake. "Niliwahi kumwona akimeza kipande cha uzi, akakitapika palepale. Ndipo nikaanza kuziokota. Nilidhani unajua kwa nini naziokota, dada."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia." Alivuta pumzi. "Kumbe nililala hapa siku zote hizi namwogopa panya wa Mama Mapacha. Na mafuta umeyaweka wapi?"

"Sandukuni. Niliogopa atayalamba."

Kitinda akacheka. Kilikuwa kicheko chake kabisa, kile cha zamani, kisha kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda kuisha. Fundi alishika simu kwa mikono miwili.

"Kitinda. Mdogo wangu. Mimi nipo. Nakungoja mimi. Kubali sindano, urudi, utanikuta mimi."

"Najua upo, dada," Kitinda alisema, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Wewe upo siku zote."

Akasema amechoka. Akasema kesho asisumbuke kukaa karibu na simu. Nesi alisikika akimuuliza kitu, na Kitinda akimjibu hapana, si sasa, na simu ikakatika.

Fundi alikaa hadi chumba kikaanza kuwa giza. Kisha akavua ufunguo shingoni, akafungua lile sanduku la bati, akatoa chupa ndogo kutoka katikati ya sumu zake zote. Akaitia cherehani mafuta kama Kitinda alivyokuwa akiitia, kila tundu tone moja, akafuta kwa kitambaa, akazungusha gurudumu kwa mkono ili yaingie. Akakaa, akakanyaga.

Ilikwenda laini. Haikukoroma hata kidogo. Hapo ndipo Fundi alipolia, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia, na mguu wake haukuacha kukanyaga.